Saini Tisini za Mama Ratili

Hamali aliyekuwa akisukuma mkokoteni wenye sanduku langu alisimama katikati ya barabara, akajifuta jasho kwa kofia yake, akaniuliza kama nimebeba maiti.

"Vitabu," nilimjibu.

"Afadhali ingekuwa maiti, bosi. Maiti angepata wasindikizaji, tungepokezana."

Sikuwa nimemaliza hata saa moja katika mji ule na tayari nilikuwa nimegombana na mtu. Treni iliyonileta iliharibika, ikasemekana itaondoka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Karani wa mizigo pale stesheni alipima sanduku langu akasema kilo thelathini na moja. Mimi nikasema ishirini na nne. Nimelivusha mipaka saba, nikamwambia, uzito wake naujua kwa bega. Karani hakukasirika. Alinionyesha kipande cha madini ya risasi ubavuni mwa mizani yake, kimegongwa muhuri mdogo, akasema, "Kama huiamini hii, nenda kwa aliyeipiga muhuri. Kwa Mama Ratili, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Akikwambia ishirini na nne, nitalibeba mwenyewe kichwani hadi kwenye behewa."

Ningeweza kunyamaza. Nikamwita hamali.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi inang'aa. Madirisha yalifungwa ingawa joto lilikuwa la kumvua mtu shati, na pangaboi lilizimwa. Mizani zilijaa kila upande: za sokoni zenye sahani mbili, za wauza dhahabu ndani ya visanduku vya kioo, na moja kubwa ya magunia iliyolazwa chali kama mgonjwa anayesubiri daktari. Katikati, juu ya meza ya mawe, mizani moja ilikuwa imebebeshwa jiwe la shaba la kilo ishirini. Watu wanne walikuwa wameizunguka, kimya, hakuna anayetikisika.

Nilidhani wanasubiri mshale utulie. Hamali alielewa haraka kuliko mimi. Alivua kofia.

"Nauliza mara ya pili," alisema mzee mrefu aliyevaa koti. Mkononi alishika daftari lenye jalada gumu, limefunguliwa karibu na mwisho. "Kurasa hizi tano ni za leo hadi Ijumaa. Hazijaandikwa neno. Mbona zina saini ya fundi? Nani ametia saini kazi ambayo bado haijafanyika?"

Nyuma yake alisimama kijana aliyevaa tai, akiangalia pangaboi lisilozunguka. Upande wa pili wa meza alikuwepo msichana mdogo wa umbo, amevaa koti la kazi lililomzidi mikono. Na kando yake mama wa makamo, mnene, mwenye kitambaa laini cha ngozi begani na miwani juu ya nywele. Msichana alimtazama mama huyo. Sijui kwa nini nilianza kuhesabu moyoni. Nilifika saba. Mama yule alikuwa akiitazama mizani, na hakuinua macho.

"Ni mimi," alisema msichana. "Niliiga saini yake."

Mzee alifunga daftari akalitia kwenye mkoba. "Alhamisi, saa tatu asubuhi, mbele ya jopo. Mpaka hapo mafunzo yako yamesimamishwa." Akampa mama yule pole kwa kusumbuliwa, akatoka. Kijana mwenye tai alimfuata huku akijigonga kwenye fremu ya mlango.

Hamali aliniuliza kwa kunong'ona sanduku aliweke wapi. Ndipo mama yule alipotugeukia. "Leteni," alisema, kama mtu aliyeamshwa. Alilipima sanduku langu kwenye mizani ya chini. Alisubiri mshale utulie.

"Thelathini na moja na gramu arobaini," alisema. "Gramu arobaini ni vumbi la njiani, hizo nakusamehe. Kilo saba nyingine ni za ubishi wako."

Hamali alicheka kwa niaba yetu sote.

* * *

Juu ya karakana kulikuwa na chumba ambacho Mama Ratili humpangisha mgeni akitokea, nami nikatokea. Kuna kitanda, beseni na dirisha linalotazama ukuta wa kiwanda cha sabuni. Nimelala katika vyumba vingi vya namna hiyo, na huwa sikai ndani mchana. Safari hii nilikaa chini karakanani, kwenye stuli, kwa sababu ya zile hesabu saba zilizokataa kunitoka kichwani.

Mambo yenyewe niliyapata kidogo kidogo. Msichana alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo cha ufundi, fani ya vipimo. Pale karakanani walimwita Gramu, kwa umbo lake na kwa jinsi asivyokubali kitu kipungue. Ili ahitimu alipaswa kukaa siku tisini chini ya fundi anayetambulika, na kila siku aandike alichofanya kwenye daftari la mazoezi, na fundi atie saini. Siku tisini, kurasa tisini, saini tisini. Ikikosekana moja, hakuna cheti. Ikighushiwa moja, mwanafunzi anafutwa.

Siku ile nilipoingia, Gramu alikuwa na siku themanini na tano mfukoni. Alibakiza tano.

Jumanne asubuhi alikuja kazini kama kawaida.

"Si umesimamishwa wewe?" Mama Ratili alimuuliza.

"Mimi nimesimamishwa. Jiwe halijasimamishwa."

Alimaanisha lile jiwe la kilo ishirini. Lilikuwa zoezi lake la mwisho, linaitwa kulaza mzigo. Unaweka uzito juu ya mizani na kuuacha siku nne, na kila saa ya kazi unasoma mshale na kuandika, kuona kama chuma kinachoka. Ukiruka saa moja, zoezi limekufa na unaanza upya. Gramu aliinama kila saa ilipogonga, akazuia pumzi, akasoma, akaandika kwenye daftari la karakana tu, maana la kwake lilikuwa limechukuliwa. Alitembea kwa visigino vya paka. Mama Ratili naye alisafisha mawe madogo ya shaba kwa ngozi, moja baada ya jingine, na yale yaliyokwisha kusafishwa akayasafisha tena. Mtu asiyejua angesema wanajali kazi sana.

Karibu saa tano akaingia baba yake Gramu. Ni kinyozi, na alikuja na shuka la kunyolea wateja bado liko begani, nywele za watu wengine zimemganda mikononi. Alisimama mlangoni, akavua viatu ingawa hakuna aliyemwambia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona viatu? Vaa, baba, hapa si msikitini."

Hakuvaa. Alikuja hadi kwenye meza ya mawe, akainama. Aliinama kweli, mpaka nikaona upara mdogo utosini mwake, ambao kwa kinyozi ni siri kubwa.

"Nimekuja kukuomba radhi. Mtoto wangu amekuibia saini. Umempokea kama mwanao, umemfundisha, yeye akakuibia jina lako. Sijui nilikosea wapi kumlea."

Gramu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Mama Ratili alifungua mdomo. Kinyozi alimkatiza, maana mtu aliyejiandaa usiku kucha hawezi kuachia nafasi.

"Siku ya kwanza nilimwambia, mama, sikumficha. Nilimwambia, chochote atakachokufanyia fundi wako, usimbishie. Akikuambia ruka, ruka, utauliza ukiwa juu. Sasa huyu badala ya kutii ameenda kughushi." Akamgeukia binti. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia, baba."

"Basi." Alitoa bahasha mfukoni mwa shati. "Nimeandikisha barua. Anajitoa mwenyewe chuoni kabla hawajamfukuza. Jina la mtu aliyejitoa halibandikwi ukutani. La aliyefukuzwa linabandikwa langoni, kila mteja wangu anasoma akipita. Alhamisi asubuhi atatia saini yake, ya kwake safari hii, tuimalize. Saluni ina kiti cha pili. Atajifunza kunyoa."

"Baba, mimi sijui hata kushika mkasi."

"Gramu za mizani si unazishika? Basi na nywele ni hizo hizo."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe aliposikia alichosema alikunja uso, akarudia tena kuomba radhi, akatoka na viatu mkononi.

Mama Ratili aliendelea kusugua jiwe lile lile. Saa tano iligonga. Gramu aliinama, akasoma, akaandika, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaweza kwenda kununua sabuni ya kunawia, imekwisha. Alipotoka, mama yule alikaa chini kwa ghafla kama mtu aliyekatwa kamba.

"Mgeni," alisema. "Jana uliona?"

"Niliona."

"Ulikuwa unahesabu. Niliiona midomo yako ikicheza kwenye mng'ao wa jiwe. Ulifika ngapi?"

"Saba."

"Mimi nilifika kumi na mbili." Alivuta mtoto wa meza, ule wenye mawe ya kupimia dhahabu, akatoa chini ya kitambaa daftari kuukuu, jalada limebanduka. "Leo tena nimefika sijui ngapi. Soma hili."

Nilifungua. Lilikuwa daftari la mazoezi kama lile la Gramu, la zamani, kwa mwandiko wa msichana anayebonyeza sana kalamu. Siku ya kwanza, ya pili, ya arobaini. Kila kitu kimeandikwa. Mahali pa saini palikuwa patupu, ukurasa baada ya ukurasa, hadi wa themanini na nane. Zaidi ya hapo hakukuwa na kitu.

Alinisimulia huku akitazama mlango, asije Gramu akarudi. Fundi aliyemfundisha alikuwa mtu mwema sana, tena wa mbwembwe. Hakupenda kutia saini kila siku kama karani wa posta. Alisema atatia zote siku ya tisini, kwa kalamu ya wino, mbele ya majirani, na kutakuwa na soda. Siku ya themanini na nane alianguka ngazini akiwa amebeba mizani ya nyama, hakuamka tena. Chuo kilisema kinasikitika. Karatasi bila saini ni karatasi. Aombe kurudia mwaka. Baba yake akasema mwaka umeshakwenda, na njia ya nyumbani anaijua.

"Leseni ya ufundi niliipata baadaye, kwa mikono," alisema. "Miaka kumi ya kufagia karakana za watu, nikafanyiwa mtihani wa vitendo, nikapita. Muhuri ninao. Lakini kuhitimu sikuhitimu. Mahafali nayaonaga kwa nje ya uzio."

Kwa hiyo alipoanza kupokea wanafunzi wake mwenyewe aliweka utaratibu wake. Mwanafunzi akifika siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa hata bisibisi, anakalishwa kwenye stuli anapewa chai, na daftari lake linachukuliwa. Mama Ratili anatia saini zote tisini kwa mkupuo. Inamchukua muda wa chai kupoa. Kisha anamrudishia na kumwambia, "Haya. Hata nikifa leo, wewe umemaliza. Sasa tufanye kazi."

Kumi na mmoja walipita hivyo na wote walihitimu. Mwalimu wa mazoezi alipokuja kukagua alifungua ukurasa wa siku hiyo tu, akaridhika. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, mkuu wa idara, yule mzee wa koti, alikuja mwenyewe, na alikuwa mtu wa kupekua.

"Kwa nini hukusema jana?" nilimuuliza.

"Niliogopa." Alilisema neno hilo kana kwamba ni la lugha nyingine na anajaribu kama limekaa sawa mdomoni. "Nikakiona kile chuo tena, na yule karani anayesikitika. Nikawa na miaka ishirini na moja. Sauti haikutoka. Mtoto akaisubiri, akaona haiji, akatoa ya kwake."

Kwenye safari zangu nimejifunza kuogopa kwa lugha nyingi: mpakani, hospitalini, kwenye ndege inayotikisika. Hofu ya namna hii sikuwa nimeijua vizuri, ya mtu mzima mwenye muhuri unaotawala mizani zote za mji, anayeogopa kuulizwa swali na mzee mwenye mkoba. Nilitaka kumwambia aende akaseme. Sikumwambia. Mimi ni abiria wa Ijumaa.

* * *

Jumatano, wakati Gramu amekwenda kula, akaja kijana mwenye tai. Safari hii alikuja bila tai.

"Mama," alisema, na nikashangaa jinsi alivyolitamka, kama mtoto anayeingia jikoni. Mama Ratili alinitambulisha kwake kwa kidole gumba: "Huyu ni mgeni wa vitabu. Sema tu." Kisha akamtambulisha yeye kwangu: "Na huyu ni wa nne."

Ilinichukua muda kuelewa. Kijana huyu, ndiye mwalimu wa mazoezi, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Alikalishwa kwenye stuli ile ile, akanywa chai ile ile, akapewa saini zake tisini. Kwa miaka yote ya ualimu wake alipokuja kukagua, alifungua ukurasa mmoja tu kwa sababu alijua kilichoko kwenye nyingine.

"Usije Alhamisi," alisema. "Nakuomba."

"Nani amekwambia nitakuja?"

"Nakujua. Jumatatu ulinyamaza, tangu hapo hulali. Mimi pia silali. Mama, ukisema saini ni zako, watauliza ni za huyu tu au za wote. Wewe hujui kudanganya swali la pili. Watafungua majalada yetu yote kumi na moja. Kuna mmoja yuko bandarini, mmoja anapima dawa hospitali. Mimi nina watoto wawili na cheti kile kile."

"Na Gramu?"

"Atarudia mwaka."

"Kanuni inasema kurudia?"

Kijana alitazama pangaboi.

"Nilikufundisha kusoma mshale ukiwa umeuangalia wapi? Pembeni?"

"Usoni, Mama."

"Basi nitazame. Anayeghushi saini, kanuni inasemaje?"

"Anafutwa," alisema polepole. "Harudi. Hapa wala chuo kingine."

Nilisikia kiwanda cha sabuni kikipiga king'ora cha kurudi kazini. Mama Ratili alichukua jiwe dogo la shaba kwa koleo, akaliweka mahali pake, akalitoa, akaliweka tena.

"Mmoja huku, kumi na mmoja kule," alisema. "Watu hudhani kazi yangu ni rahisi. Unaweka huku, unaweka kule, unasoma. Wanangu wote nimewatia kwenye shimo moja kwa kuwahurumia."

"Si shimo, Mama. Tulifanya kazi. Siku zote tisini tulifanya. Hujawahi kumwacha mtu hata siku moja. Mimi siku niliyokuwa na homa ulinilaza pale chini ya meza, ukaniamsha kila saa nisome mshale, niandike, nilale tena."

Alisimama hapo, na Mama Ratili naye akawa amesimama. Wote wawili walitazama rafu ya juu, ambako madaftari ya karakana yalikaa kwa miaka yake, migongo imefifia. Daftari lile huandikwa na yeyote anayesoma mshale: tarehe, saa, namba, na jina kwa mkono wake. Nilimwona Gramu akiliandika tangu Jumanne. Nilikuwa nimeliona jambo hilo bila kulifikiri. Na wao, ambao wameishi nalo maisha yote, ndio kwanza walikuwa wanalifikiri.

"Siku ya homa imo?" aliuliza Mama Ratili.

Mwalimu alipanda stuli, akapekua, vumbi likamwagika. Alishuka na kitabu kimoja, akageuza kurasa, akaweka kidole. Mwandiko ulikuwa umepinda kama wa mtu aandikaye akiwa kwenye boti. Saa baada ya saa, siku nzima, jina lake.

"Watakubali?" aliuliza.

"Sijui. Saini zitabaki kuwa uongo. Kazi si uongo. Sijui wao wanapima nini."

"Na muhuri wako?"

"Huo watauchukua," alisema, na sauti yake ilishuka. "Huo hauna ubishi. Anayetia saini kabla ya kazi hawezi kupiga muhuri mizani ya mtu."

Kijana alikaa kwenye ile stuli. Aliponyanyuka alisema jambo moja tu: kwamba jopo lina viti vitano na kimoja ni chake, na hajui kesho atakaa juu yake au atasimama mbele yake. Kisha akavuta kitambaa akajifuta vumbi usoni, akarudi chuoni.

* * *

Alhamisi saa mbili kasoro nilishuka nikakuta madaftari kumi na mawili yamepangwa sakafuni, moja kwa kila mwanafunzi; la zoezi la jiwe tu, lililoanzwa Jumatatu, ndilo lilibaki mezani. Hamali alikuwa amekwisha kuitwa. Alikuwa akiyaangalia kwa huzuni.

"Tena vitabu," alisema. "Mji huu umelaaniwa. Haya, yanakwenda kwenye nini? Nikiyapakia hivi yatamwagika kona ya kwanza."

Nilipanda juu, nikamwaga vitabu vyangu kitandani, nikashusha sanduku tupu. Madaftari yaliingia yote. Mama Ratili alilitazama sanduku.

"Sasa ndiyo kilo ishirini na nne," alisema. "Umeshinda." Alijaribu kutabasamu, lakini kinywa kilikataa. Alikuwa amevaa gauni la kutokea, na jasho lilikuwa limeshalowesha mgongo wote.

Gramu alikuwa anasoma mshale wa saa mbili. Hakuwa ameambiwa lolote. Aliandika, akainua uso, akaona sanduku, akaona gauni.

"Mama, usije," alisema. "Nimeshasema ni mimi. Ukija nitaonekana muongo mara mbili."

"Utaonekana muongo mara moja tu. Mimi ndiye nitaonekana mara tisini."

"Watakunyang'anya muhuri."

"Nyamaza, usipumue karibu na mizani."

Hapo ndipo baba yake alipoingia, amenyoa ndevu zake mwenyewe hadi damu, bahasha mkononi, kuja kumchukua binti. Mama Ratili alimwendea mlangoni kabla hajavua viatu. Nilimwona akishika fremu.

"Baba Gramu. Saini zile ni zangu. Zote tisini. Nilizitia mimi, siku ya kwanza, kwa mkono wangu. Mtoto hajaiba kitu. Amenikingia."

Kinyozi hakuelewa. Kisha akaelewa, na niliona mambo yakipita usoni mwake moja baada ya jingine.

"Juzi nilikuinamia," alisema.

"Uliniinamia."

"Ukaniacha."

"Nikakuacha. Niliogopa."

Nilidhani atampiga. Nadhani na yeye alidhani hivyo. Alimgeukia binti yake, na sauti ilikuwa ndogo. "Na wewe kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisimbishie."

Yule mtu alisimama akiwa na bahasha yake. Aliiangalia pande zote mbili kama vile hajui nani ameiandika. Hakuichana. Aliikunja mara mbili akaitia mfuko wa ndani. "Hii itakaa hapa," alisema. "Sijaitupa. Nawajua watu wa ofisi. Mtu akienda kusema kweli huko, mara nyingi wanaondoka na msema kweli na yule aliyemtetea, wote wawili."

Nadhani wote pale ndani tulikuwa tunalifikiri hilo hilo tangu jana. Lakini alikwenda akashika upande mmoja wa sanduku, hamali akashika wa pili, wakalipakia.

Gramu alinikabidhi kalamu. Hapakuwa na mtu mwingine. "Saa tatu, saa nne, saa tano na saa sita," alisema. "Toa pete kwanza. Zuia pumzi. Soma ukiwa usawa wa mshale. Andika namba na jina lako." Alisita. "Na usiandike kabla ya saa yake. Hata kama unaona haitabadilika."

"Sitaandika."

Mama Ratili alizunguka chumba akigusa vitu. Alifunika mizani ya dhahabu, akafungua bomba akalifunga, akahakikisha madirisha yamefungwa. Mwishoni alifika kwenye msumari ulio kando ya mlango, akatungua muhuri wake, chuma kidogo kisichozidi kidole gumba, mpini wake umeliwa na kiganja. Aliupima mkononi kidogo, kisha akautia kwenye mkoba.

"Kuliko waje kuuchukua hapa," alisema, "mbele ya mizani."

Aliniambia chai iko kwenye chupa. Akatoka.

Nilikwenda hadi mlangoni. Walishuka na barabara ya kiwanda cha sabuni, hamali mbele akisukuma, kinyozi kando ameweka mkono juu ya sanduku ili lisiteleze, Gramu nyuma na mikono yake imepotea ndani ya koti. Mama Ratili alitembea mwisho, polepole, amekumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Kwenye kona alisimama. Nilidhani anarudi, na nadhani hata yeye alidhani hivyo kwa sababu aligeuka nusu. Gramu alirudi hatua chache akamshika kiwiko. Wakapinda kona.

Nilifunga mlango ili upepo usiingie. Nilitoa pete. Mshale ulikuwa palepale ulipokuwa tangu Jumatatu, kwenye ishirini kamili, na ilibaki dakika kumi na moja saa tatu igonge. Daftari la karakana lilikuwa wazi mbele yangu, kalamu mkononi, na namba nilikuwa naijua. Niliiweka kalamu mezani, nikakaa.